Ile tiba ya bilioni 5 na siri ya dirisha la maabara

Mhariri, salaam kutoka Mbagala. Kama una umri wa kuniamkia basi marahaba, kama umenizidi shikamoo, tuendelee maana nina mengi.

Mi ni mama mtu mzima, nimestaafu, miaka 27 nimekaa maabara za hospitali hapa hapa Dar, nimeshika damu nyingi kuliko wachinjaji wa Vingunguti. Wagonjwa walikuwa wananiita dokta kwa sababu ya koti jeupe, mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, baadae nikachoka nikawa naitika tu. Sijawahi kuandika gazetini. Kilichonifanya nishike simu na kuanza kuchapa na hivi vidole vyangu ni ile habari yenu kwamba sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi unaokunja seli za damu kama mundu, sasa inatibika kwa kubadili vinasaba. Binti wa kaka yangu, ana miaka 19, ana sikoseli tangu kuzaliwa, alikuja kwangu jioni gazeti amelikunja kwenye pochi kama cheti cha ndoa, akanambia shangazi soma hapa, sasa mi nakwenda kupona lini?

Nikasoma juu mpaka chini. Bei haipo. Wapi inapatikana haipo. Mgonjwa anafanywa nini hasa, haipo. Picha tu ya mzungu ameshika kichupa. Mhariri nakuheshimu lakini hapo mlituonea, maana mgonjwa wa sikoseli akisoma tiba imepatikana halafu mkaishia hapo, mmempa nauli ya kwenda bila ya kurudi.

Sasa ngoja niseme ninachokijua. Hiyo dawa inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo, na ndo dawa ya kwanza duniani kupitishwa iliyotengenezwa kwa ule mkasi wa vinasaba wanaouita CRISPR, sie tunatamka krispa. Wenye mkasi wenyewe ni akina mama wawili, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier, walitoa andiko lao 2012 wakapewa Nobel ya kemia 2020. Na haifanyi kama watu wa kijiweni wanavyodhani kwamba unachomwa sindano unaondoka. Wanachukua seli mama za damu yako, zinapelekwa kiwandani, huko wanakata sehemu moja ya jeni, yaani kinasaba, inayoitwa BCL11A. Hiyo jeni kazi yake ni kama swichi, tukizaliwa inazima himoglobini (kile kibeba hewa ndani ya damu) ile ya tumboni na ya kikubwa inashika kazi. Wakiilegeza hiyo swichi mwili unarudi kutengeneza himoglobini ya kichanga, na ile haizikunji seli kuwa mundu. Mi nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka mwenyewe, kwa sababu sisi wa maabara tulikuwa tunaona miaka yote mtoto wa sikoseli miezi ya mwanzo anakuwa mzima kabisa, mama anakwambia mwanangu alikuwa bonge, ikifika miezi sita saba ndo mikono na miguu inaanza kuvimba. Kumbe jibu lilikuwa pale pale kwenye ule ubonge.

Lakini kabla hawajakurudishia hizo seli zako wanakupiga kemo kali, dawa kama zile za saratani, ya kuua uboho wote ulionao, ule wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, ili mpya zipate nafasi. Nywele zinatoka, unakaa hospitali wiki kadhaa umefungiwa, na kuna hatari ya kutozaa tena. Na ilipopitishwa ilikuwa ni kwa wa kuanzia miaka 12. Matokeo lakini ni mazuri jamani siwezi kuyabeza, kwenye majaribio waliofuatiliwa vya kutosha walikuwa 31 na kati yao 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Kwa aliyewahi kumshika mtoto usiku akilia mfupa unamuuma na huna cha kumpa zaidi ya panado na maji, mwaka mzima ni muujiza.

Bei ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kwa hela yetu ni zaidi ya bilioni 5. Nilipomwambia binti alinyamaza kidogo afu akasema shangazi, hiyo hata tukiuza Mbagala nzima na wapangaji wake ndani.

Watoto wanaozaliwa na sikoseli Tanzania wanakadiriwa kuwa kama 11,000 kila mwaka, tupo kwenye nchi chache za juu kabisa duniani. Piga hesabu mwenyewe mi nimeshindwa, simu imeandika herufi katikati ya namba.

Kuna kitu kingine hamkukiandika na hiki ndo kinaniuma zaidi kwa sababu hakina bei, ni maneno tu. Mtu akitibiwa hivyo akapona, yeye kapona lakini mayai yake au mbegu zake hazijaguswa. Kila mtu ana herufi mbili, moja ya baba moja ya mama, A ni nzima na S ni ya sikoseli, mwenye SS ndo mgonjwa, mwenye AS ni mbebaji tu. Huyu aliyepona bado ana S mbili za kurithisha. Yaani binti yetu hata angeokota hizo bilioni 5 njiani, akiolewa na kijana mwenye AS, kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto kuja na ugonjwa ule ule. Nimeongea na watu wenye elimu zao, mwalimu, mtu wa benki, wote walidhani ukibadilishwa vinasaba basi ukoo wote umesafishwa. Sivyo.

Sasa nije kwenye kilichonileta haswa. Najua mkiandika mambo ya vinasaba mnapenda kuuliza je tutachonga watoto, je watu watachagua macho ya bluu, je ni kuingilia kazi ya Mungu. Maswali mazuri. Ila mi nataka niwaambie kwamba kwetu hapa maadili ya vinasaba hayasubiri mashine ya bilioni 5 ifike, yalishafika zamani, yalikuja na kipimo cha bei ndogo tu na mi nilikuwa nimekaa dirishani nayapokea bila kufundishwa na mtu.

Nasimulia, majina sitaji wala hospitali sitaji, miaka imepita ishirini na ushee.

Walikuja baba, mama na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi, vidole vimevimba kama mandazi. Baba seremala, mama anauza vitumbua asubuhi. Daktari aliandika wapimwe wote watatu. Zamani tulikuwa na kile kipimo cha sikling, unachukua tone la damu unachanganya na dawa unafunika slaidi unasubiri uone seli zinajikunja, kile kinakwambia tu S ipo au haipo, hakikwambii ni moja au mbili, na watu wengi walipewa karatasi wakaambiwa wana sikoseli kumbe ni wabebaji tu wazima kabisa. Lakini hapo tulishapata ile mashine ya kutenganisha himoglobini kwa umeme, hiyo inasema ukweli. Mtoto SS. Mama AS. Baba AA.

Msomaji asiyejua ngoja nimweleze, mtoto wa SS anapewa S moja na mama na S nyingine na baba. Baba wa AA hana S ya kumpa mtu.

Nilikaa na ile karatasi. Nikajiambia labda nimechanganya vichupa, makosa ya maabara yapo na mtu akikwambia hayapo hajawahi kufanya kazi maabara. Nikawadanganya kwamba damu iliganda warudi kesho. Wakarudi, nikatoa upya kwa mkono wangu, nikaandika majina kwa mkono wangu. Vile vile. Nikamwuliza mkubwa wangu, akanijibu wewe andika kilichopo, sisi sio baraza la wazee.

Yule baba alikuja dirishani akaniuliza kwa sauti, dokta hii kitu imetoka kwa nani, maana kwetu hakuna mgonjwa wa hivi. Nikamwambia wewe huna. Basi. Maneno mawili. Yalikuwa ya kweli na mpaka leo najuta jinsi yalivyotoka. Alitabasamu, akageuka kwa mkewe akamwambia umesikia? Yeye alielewa kwamba ugonjwa wote umetoka upande wa mama, damu mbaya ya kwao huko. Hakujua kwamba nimemwambia jambo jingine kabisa. Lakini mama alijua. Aliniangalia, na mi nikamwangalia, na tukaelewana hapo hapo bila neno.

Kila mwezi alikuwa akimleta mtoto kliniki, na kila akija alikuwa anaacha vitumbua viwili kwenye dirisha langu, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Hakuwahi kusema kitu. Mi sikuwahi kuvikataa, na mara ya kwanza vilinishinda kumeza. Na yule baba mnaweza kumsema mtakavyo lakini ndo alikuwa anambeba mtoto mabegani toka kituo cha daladala, na mtoto akiishiwa damu yeye alikuwa wa kwanza kujitolea benki ya damu. Sasa niambieni nyinyi wa maadili, ningesema nini? Kwa nani? Matokeo ya mwenye damu ni ya mwenye damu, lakini vinasaba sio vya mtu mmoja, ukimsomea mmoja umewasomea wote waliokaa kwenye benchi. Baadae nilihamishwa, sijui mtoto yule aliishia wapi.

Hakuna somo nililofundishwa chuoni kuhusu hilo. Nilifundishwa kushika pipeti, kusoma slaidi, kuosha vyombo, kutunza rejesta. Wenzetu huko nje kuna mtu kazi yake ni hiyo tu, mshauri wa vinasaba, anakaa na familia kabla ya kipimo anawaambia tukipima kitu hiki tunaweza kuona na kile, mko tayari? Anauliza kabla, sio baada. Mi nasema serikali, kabla ya kuota mashine za mkasi, wawepo hao watu kila hospitali ya mkoa, hata manesi wawili tu wapewe mafunzo na chumba chenye mlango unaofungwa. Mlango jamani. Dirishani majibu yanasikika mpaka foleni ya mkojo.

Nakumbusha pia kwamba sheria ipo, watu hawaijui. Tuna Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndo msimamizi, ndo maana ukitaka kupima DNA ya mtoto huendi tu na mate ya mtoto kwenye kikombe, unapitia ustawi wa jamii, au wakili, au mahakama. Wanaume wengi wanalalamika kwamba ni usumbufu. Mi nasema huo usumbufu una akili ndani yake, maana angalau kuna mtu wa ustawi anakaa na nyie kwanza. Ila kipimo cha sikoseli hakipiti huko, kinapita dirisha la kawaida na karatasi ya kawaida, na kinaweza kufichua jambo lile lile. Waliotunga sheria sidhani kama waliwahi kukaa dirishani.

Lawama nazo. Mtoto akitoka na sikoseli mwanamke ndo mwenye damu mbaya, mwanaume kwao hakuna. Nimeona ndoa zimevunjika kwa hilo hata pale ambapo wote wawili ni AS na mtoto kachukua kwa wote sawasawa, moja huku moja kule. Siku hizi nasikia wachumba wanadaiana karatasi ya sikoseli kabla ya mahari, na wapo viongozi wa dini wanaohimiza, sio vibaya, tena kwa AS na AS kila mimba ni robo mtoto kuja mgonjwa, robo mzima kabisa, nusu mbebaji kama wazazi, wajue. Lakini nimeona pia binti wa AS, mzima, hajawahi kuumwa hata kichwa, ameachwa kwa ujumbe wa simu kwa sababu ana vinasaba vibovu.

Vibovu? Ngoja nikae hapa kidogo. Kuna mtu anaitwa Anthony Allison, alikulia Kenya, alipima watu huku kwetu Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akaonesha kwamba mwenye S moja malaria haimuui kirahisi kama mwenye A mbili. Ndo maana ukienda Kanda ya Ziwa au huku Pwani ambako mbu alikuwa mfalme utakuta wabebaji wengi, na ukipanda milimani kwenye baridi wanapungua. Mababu zetu walikufa kwa malaria na waliobaki wengi walibaki kwa sababu ya hiyo S moja. Wewe unayemwacha binti wa watu kwa ujumbe wa simu yawezekana bibi wa bibi yako aliponea kwenye hiyo hiyo. Kinasaba kimoja ni ngao ukiwa nacho kimoja na kifo ukiwa nacho viwili, sasa anayetaka kukifuta duniani aanze na mbu kwanza, akimaliza tuongee.

Na hapa ndo naingia kidogo kwenye lile swali lenu la kuchonga watoto. Kuna yule Mchina, He Jiankui, Novemba 2018 alitangaza mapacha wa kike wamezaliwa baada ya yeye kuwakata jeni inaitwa CCR5 wakiwa viini tete, eti wasipate ukimwi ukubwani, kwa sababu baba yao alikuwa na virusi. Alifungwa miaka mitatu na faini yuan milioni 3. Watu walipiga kelele kwamba kagusa vinasaba vitakavyorithiwa vizazi na vizazi na wale watoto hawakuulizwa, ni kweli. Mi kama mtu wa hospitali kilichonishangaza ni kingine, kwamba hapa Dar kwenye kliniki ya mama na mtoto, mama mwenyewe ndo mwenye virusi na bado tunazalisha watoto wazima kwa vidonge. Yeye mwenye virusi alikuwa baba, na kuna njia ya kuosha mbegu ambayo hata yeye aliitumia. Yaani alikuwa anatafuta ugonjwa wa kutibia mkasi wake. Nawaogopa zaidi watu wa namna hiyo kuliko wanaotaka macho ya bluu.

Na neno kusafisha uzao lisitutoke mdomoni kirahisi. Tunaishi nchi ambayo watoto wenye ualbino wamewindwa viungo vyao, na ualbino ni herufi za vinasaba hivyo hivyo, mzazi huyu kipande na mzazi yule kipande. Siku mkasi ukiwa wa bei rahisi kuna atakayesema tuwaondoe tumboni kwa nia njema. Mi nataka mtu huyo aanze kwa kuwanunulia kofia na losheni walio hai.

Jambo jingine, damu zetu zinakwenda wapi. Hizi vinasaba wanazozisoma huko kwenye kompyuta zao, nyingi mno ni za watu wenye asili ya Ulaya, sisi Waafrika ambao tuna utofauti mkubwa kuliko watu wote duniani tumo kiduchu. Matokeo yake ni nini, kipimo kikitengenezwa kwa kusoma watu wa London kinaweza kumpita mtu wa Lindi bila kumwona. Mfano mzuri, 2007 lilitoka andiko la watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff, walipima wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kuuma unatokana na herufi tofauti kabisa na ile ya Wazungu. Ungepima Mmasai kwa kipimo cha Ulaya ungemwambia huyu maziwa yatamsumbua, wakati anakunywa kibuyu kizima mbele yako. Kwa hiyo wakija kutupima tukubali, sio tukatae, ila waje kupitia NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na vibali vyake, mkataba wa sampuli usomwe na mtu wetu anayejua kusoma, na dawa ikipatikana kwa damu yetu tusiambiwe bilioni 5. Wamarekani weusi wanajua hii stori, Henrietta Lacks seli zake zilichukuliwa 1951 hakuulizwa, zimetumika kwenye utafiti duniani kote, familia yake imekuja kupata fidia toka kampuni moja 2023. Miaka 72.

Ila vinasaba vimewahi kututendea haki pia na lazima niseme. Wajerumani walibeba mafuvu ya watu wetu wakati wa ukoloni, Berlin kuna makasha ya mafuvu zaidi ya elfu moja kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 2023 walipima DNA ya mafuvu kadhaa wakalinganisha na mate ya watu wa Kilimanjaro, na fuvu moja likakutwa na ndugu yake hai, ni la mtu aliyeitwa Akida, mshauri wa Mangi Meli, yule chifu wa Wachaga aliyenyongwa Moshi Machi 1900. Familia zilitafuta miaka mingi wazee wakifa bila jibu. Angalia tofauti, hapo watu waliulizwa, wakatoa mate yao wenyewe, na majibu wakaletewa wao. Kipimo ni kile kile tu.

Nikirudi kwetu, mi sisemi tusitake tiba kubwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wameanza kupandikiza uboho kwa watoto wa sikoseli tangu 2023, hiyo sio mkasi, unachukua uboho wa ndugu anayefanana nawe, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya robo tu kufanana, lakini ni tiba na iko Dodoma unafika kwa treni. Muhimbili toka 2004 wamefuatilia maelfu ya wagonjwa wa sikoseli, Profesa Julie Makani na wenzake wameifanya dunia itusikilize. Na kuna hela za Marekani na mfuko wa Gates walitangaza 2019, dola milioni 200 kwa sikoseli na ukimwi, lengo likiwa kutafuta namna ya kurekebisha vinasaba kwa sindano tu ndani ya mwili bila kemo, kwa ajili ya nchi kama zetu. Ikija ntakuwa wa kwanza kumshika binti mkono twende.

Ila leo, Jumatano hii ninayoandika, kuna kidonge kinaitwa haidroksiyurea. Ni dawa ya zamani, nayo inaongeza ile ile himoglobini ya kichanga, mkasi na kidonge wanagombea mlango mmoja. Kulikuwa na majaribio kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, yakatoka mwisho wa 2018, maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria ikapungua na vifo pia. Binti yetu anakunywa. Miezi mingine dawa ipo, mingine tunazunguka famasi tano kuanzia Rangi Tatu mpaka Kariakoo. Mhariri, mtume mwandishi wenu azunguke na mama mmoja siku moja akitafuta kidonge hicho, aandike bei kila duka, hiyo habari tutaikata tuitunze. Na aandike wapi mtoto mchanga anaweza kupimwa sikoseli siku anazaliwa hapa Dar na wapi hawezi, maana mtoto akijulikana mapema anapewa pensilini na chanjo zake na anaishi, asipojulikana wengi wanaondoka kabla ya miaka mitano na kwenye msiba mnaambiwa degedege.

Nimalizie hili la nyumbani. Wiki iliyopita binti kaja tena, safari hii bila gazeti. Kuna kijana. Kumbe wana mwaka. Akanambia shangazi wewe si ulikuwa maabara, nikikuletea kikombe alichonywea chai huwezi kumpima kimya kimya? Nilimtazama nikamwona yule mama wa vitumbua. Nikamwambia kwanza sikoseli tunaipima kwa damu, sio kwenye kikombe, pili hata ingepimwa nisingempima mtu asiyejua kwamba anapimwa, mlete mwenyewe na mkono wake, tukae watatu, niwaambie kwanza majibu yanaweza kuja namna ngapi na kila moja maana yake nini, wakishanielewa ndo tutakwenda kupima, mimi nitakaa nje. Alinuna siku mbili.

Wanakuja Jumamosi. Kijana amenipigia mwenyewe, shikamoo shangazi, akaniuliza kama siku hiyo inabidi aje bila kunywa chai. Nimemwambia anywe tu.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mama mstaafu, Mbagala, Dar es Salaam
(jina langu unalo mhariri, naomba libaki kwako)